Jeraha Chini ya Soksi

Mwezi wa saba, Kolwezi huamka kwa shida. Baridi ya kipupwe hushuka usiku na kukaa mabondeni, nyasi hukauka zikawa rangi ya mkate, na hata jogoo huwika mara moja tu kisha akarudisha kichwa chini ya bawa. Wapo watu ambao wakisikia kwamba Kongo kuna baridi hucheka. Waje wacheke hapa saa kumi na mbili asubuhi, wakiwa wamevaa kandambili, tuone.

Kanku, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa wa kwanza kutoka nje kila siku. Aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, akaiacha uani mpaka moshi uishe. Aliwafungulia mabata, nao wakatoka wakigombana kana kwamba walilala na ugomvi wa jana. Aliwapa sungura matembele, akaokota mayai, kisha akaenda kwenye banda la mbuzi. Hapo ndipo mama yake alipotokea mlangoni, kitenge kimefungwa mabegani, ameshaanza kupiga kelele.

"Kanku! Nani ameacha ndoo ya unga wazi? Na Philippe yuko wapi bila sweta? Batoto hawa wataniua mi!"

Watu walimwita Mama Annie, kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mwanamke mchapakazi, mkarimu, na mwenye sauti ambayo mtaa mzima uliijua. Philippe, kitinda mimba wa miaka mitano, alikuwa ameizoea sauti hiyo na hakuijali. Kanku hakuizoea. Kila mama alipopaza sauti, alikuwa tayari kusema lolote ili sauti ile ishuke.

Nyumba yao ilikuwa pembezoni mwa mji, nyuma ya shamba dogo la mahindi lililokwisha vunwa. Baba, Tata Tshibangu, alikuwa fundi wa magurudumu ya malori, na vidole vyake havikukosa mikwaruzo hata siku moja. Mama ndiye aliyekuwa na mifugo. Alikuwa na mbuzi watano, lakini mmoja wao hakuwa mbuzi kama wengine.

Mbuzi huyo aliletwa na kijana aitwaye Kalonji, siku wazazi wake walipokuja kumposa Annie, ambaye sasa yuko kwa mumewe. Ukoo wa Kalonji ulikuwa na asili ya Kasai, na katika desturi zao posa haikamiliki bila mbuzi wa mama. Ndiyo shukrani kwa mwanamke aliyembeba bibi harusi mgongoni alipokuwa mchanga. Mbuzi huyo hauzwi ovyo, na wakwe wakija kusalimia, hawakai vitini kabla hawajaulizia habari zake. Philippe alimpa jina la Mkwe. Alikuwa jike mweupe mwenye masikio meusi, na alitembea kwa madaha kana kwamba anajua hadhi yake.

"Mbuzi hawavuki reli," Tata Tshibangu alikuwa akisema kila Kanku alipoondoka na fimbo. Ng'ambo ya reli kulikuwa na vilima vya udongo uliotoka migodini, malori, na mbwa wengi wasio na wenyewe. "Umenisikia? Hawavuki."

"Nimesikia, tata."

Kusikia alisikia. Lakini wakati wa kiangazi nyasi upande huu zilikuwa zimekwisha, na ng'ambo kulikuwa na bomba la maji lililopasuka. Pembeni yake palimea majani mabichi, marefu, ya kumfanya mbuzi alie kwa furaha. Ilikuwa likizo kubwa, na rafiki yake Gloire, jirani wa rika lake, alikuwa naye.

"Tuvuke kidogo tu," alisema Gloire. "Nani atatuona?"

Wakavuka.

Hawakukaa hata nusu saa. Mbwa alitokea nyuma ya kilima, mbwa wa rangi ya vumbi, mwembamba. Hakubweka. Alikuja akiyumba, kinywa wazi, mate yakimning'inia, akawa anauma hewa, akauma jiwe, kisha akamrukia Mkwe na kumng'ata mdomoni. Kanku hakufikiri. Alikimbia na fimbo akampiga mbwa mgongoni, mara ya kwanza, mara ya pili. Mbwa akamwachia mbuzi, akageuka, akamuuma Kanku kwenye shavu la mguu. Halafu akaondoka zake akiyumba vilevile, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kanku alikaa chini. Kulikuwa na matundu manne mguuni, na damu ilikuwa inatiririka hadi kisiginoni.

"Twende kwa mama yako," Gloire alisema.

"Weye! Unataka niuawe? Tumevuka reli, na Mkwe ameumwa! Unajua mama atasemaje?"

Gloire alijua. Nani asiyejua? Basi akafikiri akapata njia nyingine, na njia hiyo ndiyo ingemaliza maisha ya mtu. Nyanya yake aliuza dawa za kienyeji sokoni Manika, na katika kikapu chake kulikuwa na mawe meusi. Kule kwao watu wengi huyaamini mawe hayo. Ukiumwa na nyoka au nge, jiwe linabandikwa juu ya jeraha, nalo linang'ang'ania. Likianguka lenyewe, husemwa kwamba sumu imekwisha kunyonywa.

Gloire alichukua moja bila kuomba. Walilibandika nyuma ya banda la sungura, wakalifunga kwa kitambaa. Siku ya pili likaanguka.

"Umeona?" Gloire alisema, akafurahi kweli. "Sumu yote imetoka. Jiwe halidanganyi."

Kanku alivaa soksi zake ndefu za shule zilizofika magotini. Katika baridi ile, nani angemuuliza mtu kwa nini amevaa soksi? Na kuhusu mdomo wa Mkwe, alimwambia mama kwamba mbuzi alijikata kwenye senyenge. Mama alipiga kelele kidogo juu ya senyenge, akampaka mbuzi mafuta, mambo yakaisha.

Yaliisha kwa mama. Kwa Kanku yalikuwa ndiyo yanaanza. Siku ya tatu, akiwa anaosha sufuria, alikumbuka somo la Mwalimu Ngoyi kabla ya likizo. "Mbwa mwenye kichaa," mwalimu alikuwa amesema, "humwambukiza kila anayemuuma. Mtu aliyeumwa anaweza kukaa wiki, hata miezi, akiwa mzima. Kisha siku moja anaanza kuogopa maji. Akifika hapo, hakuna daktari wala dawa ya kumrudisha."

Sufuria ilimponyoka mikononi.

Tangu siku ile, kila asubuhi kabla ya jambo lolote, Kanku alichota kikombe cha maji pipani na kunywa. Maji yalikuwa baridi kiasi cha kuumiza meno. Aliyanywa taratibu, akisikiliza koo lake. Kama yalipita, alikuwa mzima, siku moja imepatikana. Mchana alikunywa tena. Jioni tena. Usiku alilala akiwa amekunja ngumi, akijiambia jiwe lilianguka lenyewe, jiwe halidanganyi, jiwe halidanganyi.

"Nani anakunywa maji hivi kwenye baridi hii?" mama alishangaa. "Utaota barafu tumboni!"

Kanku alicheka kicheko cha uongo. Mara tatu alikaribia kusema. Mara ya kwanza mama alikuwa akigombana na mabata, mara ya pili baba alikuwa amechoka, na mara ya tatu alifungua kinywa na hakuna neno lililotoka. Ndivyo uongo ulivyo. Ukiuacha ulale kwako siku moja, kesho unadai kitanda.

Wiki tatu zikapita. Jumatano moja Mkwe alikataa kula. Alhamisi alianza kulia, si mlio wa mbuzi mwenye njaa, bali sauti nzito ya kukwaruza isiyokoma tangu alfajiri mpaka jua kuzama. Ijumaa alikuwa anapiga mlango wa banda kwa kichwa. Alitafuna mti, alitafuna kamba, na mate yalimning'inia mdomoni.

Kanku alisimama mbele ya banda. Aliyaona mate yale wapi? Alijua wapi. Mbuzi aliyeumwa siku moja naye, na mbwa yuleyule, ndiye huyu. Kilichompata Mkwe leo kilikuwa njiani kumjia yeye.

Alikimbia kwenye pipa akanywa vikombe viwili. Vikapita. Lakini safari hii havikumtuliza.

Jumamosi asubuhi wazazi wake waliingia bandani pamoja. Tata Tshibangu aliitazama shingo ya Mkwe, jinsi alivyoinyoosha akilia.

"Kuna kitu kimekwama kooni," alisema. "Gunzi la mahindi, bila shaka. Mama Annie, shika pembe."

Kanku alitaka kupiga kelele. Ulimi ulikuwa mzito kama umefungwa jiwe. Aliona baba yake akikunja mkono wa shati, aliona vidole vile vyenye mikwaruzo vikiingia kinywani mwa Mkwe hadi kwenye kifundo cha mkono, vikipapasa huku na huku. Meno yakamkwaruza. Baba akatoa mkono uliojaa mate, akaupangusa kwenye suruali.

"Hakuna kitu," alisema.

Mama alishusha pumzi. "Huyu anakufa. Akifa mwenyewe, tutawaambia nini wakwe? Kwamba mbuzi wao tumemwacha afe kama paka? Afadhali achinjwe angali hai. Tuwapelekee mguu wao, na majirani wapate. Philippe, kimbia umwite Tata Kassim."

Tata Kassim alikuwa jirani wao wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa Mwislamu mwenye asili ya Maniema na mmiliki wa mabasi madogo mawili ya Lubumbashi. Katika ua ule palikuwa na desturi ya miaka mingi. Mnyama wa familia yoyote kati ya hizo mbili alichinjwa na Tata Kassim, ili nyama ivuke ukuta na kila mtu ale bila wasiwasi. Hakuna karamu iliyokuwa imeanza pale bila kisu chake. Alifika na kisu kimefungwa kwenye kitambaa safi, na nyuma yake Philippe akija anaruka, ameshika sahani mbili alizopewa na wake wa majirani.

"Nyama! Nyama leo!" Philippe aliimba.

Kanku aliziona sahani zile, akaona midomo itakayokula. Mama ataosha utumbo kwa mikono yake, Philippe atang'ang'ania ini kama kawaida, Gloire na nyanya yake watapewa kipande. Hofu aliyoibeba wiki tatu ilikuwa hofu ya mtu mmoja. Sasa iliongezeka mpaka haikutosha tena kifuani mwake.

Tata Kassim alimtazama mbuzi, akakunja uso. "Mnyama huyu ana nini? Mbona hanyamazi?"

"Gunzi limekwama," alisema mama. "Fanya upesi, Tata Kassim."

Tata Kassim aliinama, akanyoosha mkono kushika pembe.

"Usimguse!" Kanku alipiga kelele. "Tata Kassim, usimguse! Bantu wote wasimguse!"

Wote waligeuka. Kanku alisogea mbele yao. Aliinama, akaivuta soksi ya mguu wa kulia hadi chini, na makovu manne yakaonekana, bado yana wekundu.

"Si senyenge," alisema, machozi yakimtoka. "Ni mbwa. Tulivuka reli, mi na Gloire. Mbwa alikuwa na mate, alikuwa anauma mawe. Alimuuma Mkwe, kisha akaniuma mi. Wiki tatu zimepita. Mama, mi nitakufa. Nitaogopa maji, nitakufa kama Mkwe."

 Kisha Tata Tshibangu akauinua mkono wake polepole, akautazama. Mate yalikuwa yameshaanza kukauka, na kwenye kidole cha shahada kulikuwa na mkwaruzo mpya, mwekundu. Alimtazama mke wake, akamtazama binti yake, akakaa juu ya ndoo iliyokuwa imepinduliwa.

Kanku alingoja kelele za mama. Alizingoja macho yakiwa yamefumbwa. Hazikuja. Alipofumbua macho, mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, anayagusa yale makovu kwa ncha ya kidole, na midomo yake ilikuwa inatikisika bila sauti. Kanku hakuwahi kumwona mama yake akikosa sauti. Jambo hilo lilimtisha kuliko kelele zote.

Tata Kassim ndiye aliyezinduka kwanza. Alifunga mlango wa banda kwa kamba, mafundo matatu.

"Asiingie mtu," alisema. "Philippe, weka sahani chini. Tata Tshibangu, sabuni na maji, mengi, sasa hivi. Nilikuwa na kijana wa kazi, aliumwa na mbwa barabarani. Muganga wa hospitali alituambia, maji na sabuni kwanza, robo saa nzima. Haya, mama, mwaga maji!"

Baba aliosha mkono chini ya maji yanayotiririka, akapaka sabuni, akaosha, akapaka tena, mpaka ngozi ikanywea. Kanku naye alioshwa mguu, ingawa jeraha lilikuwa limefunga zamani. Mama na Philippe nao wakaosha mikono, maana wote walikuwa wamemshika mbuzi. Maji yalikuwa ya baridi kali, lakini hakuna aliyelalamika. Halafu wakapanda wote kwenye basi dogo la Tata Kassim.

Katika kituo cha afya walipokelewa na Mama Simone, muuguzi mnene mwenye miwani iliyoshuka puani. Alisikiliza bila kukatiza. Aliuliza mbwa alikuwaje, mbuzi alianza lini, na kama Kanku ana homa au mguu unamwasha pale alipoumwa.

"Hapana," Kanku alisema. "Lakini tuliweka jiwe jeusi. Likaanguka lenyewe."

"Jiwe linang'ang'ania kwa sababu ni kavu na linavuta umajimaji wa jeraha," alisema Mama Simone. "Likilowa, linaanguka. Basi. Kichaa hakikai kwenye ile damu, mutoto wangu. Kinapanda polepole ndani ya mishipa ya fahamu, kama mtu anayepanda mlima kwa miguu, mpaka kifike kwenye ubongo. Jiwe hata halikioni."

"Nimechelewa?"

Mama Simone alivua miwani. "Sitakudanganya. Umechelewa sana. Lakini hujaanza kuugua, na ambaye hajaanza kuugua chanjo inaweza kumwahi. Tatizo ni moja. Mi sina hiyo chanjo hapa."

Alichukua simu akaanza kupiga. Alipiga huku, akapiga kule. Mjini haikupatikana siku ile. Kila alipotikisa kichwa, Kanku alihisi kile kitu kikipanda mguuni, hatua kwa hatua, kimepita goti, kimefika kiunoni. Mwisho Mama Simone alisimama wima. Ilikuwa imepatikana Lubumbashi. Lakini Lubumbashi si mtaa wa pili, ni safari ya saa tano au sita.

"Abibu, dereva wangu, yuko Lubumbashi," alisema Tata Kassim, naye akatoa simu yake. "Abibu! Usipakie abiria kwanza. Nenda hospitali, utapewa kisanduku chenye barafu. Kiweke miguuni pako, si kwenye buti, umenielewa? Usisimame njiani hata kununua ndizi."

Wakangoja. Kungoja kule ndiko Kanku alikokumbuka maishani kuliko sindano. Walikaa kwenye benchi moja, mama upande mmoja, baba upande mwingine. Baba aliuweka mkono wake ulioumia juu ya goti, akiutazama mara kwa mara kama mtu anayetazama kitu cha mgeni. Hakuwa amemlaumu Kanku kwa neno hata moja.

"Tata," Kanku alinong'ona, "nilikuona ukiingiza mkono. Nilikuona, na sikusema."

Tata Tshibangu aliugeuza mkono wake juu ya goti. "Najua," alisema. "Sasa umesema. Kaa karibu, baridi inaingia."

Philippe alilala mapajani mwa mama. Jua likavuka juu ya paa la mabati, likaanza kushuka. Saa nane. Saa tisa. Abibu alipiga simu kwamba gurudumu limepasuka. Saa kumi akapiga tena kwamba amelibadilisha. Saa kumi na mbili kasoro, jua likiwa jekundu nyuma ya vumbi la malori, basi dogo liliingia kwenye lango likiwa na taa zimewashwa. Abibu akashuka amekumbatia kisanduku cheupe kwa mikono miwili, na suruali yake yote ilikuwa imelowa maji ya barafu.

Kanku alipata chanjo begani, kisha dawa nyingine ikachomwa kwenye makovu yenyewe. Iliuma vibaya sana. Alilia, lakini hakuuvuta mguu. Baba alichomwa baada yake, kisha Philippe, ambaye alikuwa akimlisha Mkwe kwa mkono, kisha mama.

"Mtarudi siku ya tatu, ya saba, ya kumi na nne na ya ishirini na nane," Mama Simone aliwaambia. "Asiyekosa hata siku moja ndiye ninayemtegemea. Na weye, Kanku, ukihisi kitu chochote, sema saa ileile."

Mkwe alikufa kesho yake kabla ya adhuhuri. Mganga wa mifugo alikuja na glavu ndefu, akasema dalili zote ni za kichaa cha mbwa, akasimamia kaburi lichimbwe refu na chokaa imwagwe juu. Mbuzi wanne waliobaki walitengwa wachunguzwe. Nyanya yake Gloire, alipopata habari, alimtwanga mjukuu wake maswali mpaka jioni, kisha akampeleka mwenyewe kwa Mama Simone achunguzwe mwili mzima kama hakuguswa na mbwa. Hakuwa ameguswa.

Siku ishirini na nane ni nyingi kwa mtu anayezihesabu. Kila mguu ulipomwasha, hata kwa kuumwa na mbu, Kanku alimwita mama yake, na mama alikuja mbio, akautazama kwa taa. Kila mmoja aliendelea kuwa mzima. Siku ya mwisho Mama Simone alimchoma sindano ya tano, akamwandikia kadi, akamwambia, "Nenda ukacheze."

Jumapili iliyofuata wakwe walikuja. Baba yake Kalonji, mzee Kabemba, alisalimia kila mtu, akavua kofia, akauliza kabla ya kukaa, kama desturi ilivyotaka: "Na mbuzi wa mama, anaendeleaje?"

Tata Tshibangu alikohoa. Mama Annie alimsogeza Kanku mbele, si kwa nguvu. Kanku akasema yote. Alisema reli, mbwa, jiwe, senyenge ambayo haikuwepo. Sauti yake ilikatika mara mbili, akaendelea.

Mzee Kabemba alisikiliza hadi mwisho. "Mbuzi tutaleta mwingine," alisema. "Yule alikuwa shukrani kwa mama anayelea. Sijaona sababu ya kuirudisha shukrani." Ndipo akakaa.

Wageni walipoondoka, mama alimwita Kanku jikoni, akamkalisha kwenye kigoda huku yeye akisonga bukari, ule ugali wa kwao.

"Unajua kilichoniumiza?" aliuliza. "Si mbuzi. Wiki tatu umelala hatua nne kutoka kitandani kwangu, unangoja kufa, na hukuniita. Uliniogopa mi kuliko ulivyoogopa kifo. Hapo na mi nimekosa, na nitajirekebisha. Lakini sikiliza. Waliosema mficha maradhi kifo humuumbua hawakukosea. Kelele zangu zinaanza na bukari, na bukari ikiiva zimekwisha. Ugonjwa haupigi kelele. Unakaa kimya, unafanya kazi yake. Kwa hiyo ukikosea, ukiumia, ukiogopa, niletee siku hiyohiyo. Hata kama umevuka reli kumi. Kosa lililosemwa tunalibeba wote. Lililofichwa unalibeba peke yako, na linaweza kuwaangukia wenzako."

"Ndiyo, mama."

Kanku aliitazama rafu ya vyombo.

"Basi, mama... ile sahani yako ya maua, ya wageni. Si paka aliyeivunja."

Mwiko ulisimama ndani ya sufuria. Halafu Mama Annie akapiga kelele, kelele za kweli, mpaka mabata wakatimka uani na Tata Kassim akachungulia juu ya ukuta. Kanku alibaki kwenye kigoda chake, mikono juu ya magoti, hakukimbia. Alisikiliza mpaka mwisho. Bukari ilipoiva, mama alimpakulia sahani ya kwanza.